Muumba na Mifupa ya Kale

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuwaongoza wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda kuyatazama Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Shule yetu iko upande wa magharibi wa mji, na safari yenyewe si ndefu: basi hushika barabara ya Waiyaki, hupita Kangemi na Westlands, na mara huwasili kwenye kilima ambacho watu wote hukiita Museum Hill. Vijana walikuwa na furaha. Waliwatazama ndege waliokaushwa, wakaistaajabia sanamu ya Ahmed, tembo mashuhuri wa Marsabit, na mwisho wakafika kwenye chumba yanamowekwa mabaki ya wanadamu wa kale. Hapo msichana mmoja aliacha mstari wa wenzake, akaketi kwenye benchi nje ya mlango, akasema kuwa hataingia.

Nilimwuliza sababu. Alijibu kwa adabu, lakini sauti yake haikutetemeka: “Mwalimu, kanisani kwetu tumefundishwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba mtu. Nikiingia humo nikayapokea maneno yaliyoandikwa ukutani, je, sitakuwa nimemkana?”

Swali lile lilistahili jibu. Mimi sikumpa jibu, nilimpa ujanja. Nilimwambia, “Mwanangu, ingia uandike maelezo. Katika mtihani jibu kama kitabu kinavyotaka, na siku ya Jumapili amini kama kanisa linavyotaka. Mambo haya hayagombani ukiyaweka mbalimbali.” Alinitazama kwa kitambo, kisha akainuka akaingia, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake na aliniheshimu. Walakini niliona usoni pake kuwa nilikuwa nimemshinda pasipo kumsaidia. Nilikuwa nimemfundisha kuwa na ndimi mbili, mmoja wa darasani na mmoja wa kanisani, kana kwamba ukweli ni vazi la kubadilishwa kila siku. Insha hii ni deni langu kwake, na kwa kila kijana aliye na swali kama lake.

Swali hilo si la msichana mmoja tu. Mji mzima wa Nairobi uliwahi kulisikia. Makumbusho yalifungwa mwaka 2005 ili yatengenezwe na kupanuliwa, yakafunguliwa tena mwaka 2008. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa umoja wa makanisa ya kiinjili ya Kenya, alitoa ombi hadharani. Alitaka mabaki ya wanadamu wa kale yasipewe mahali pa heshima katika makumbusho mapya. Hoja yake ilikuwa kwamba nadharia moja tu ilikuwa ikionyeshwa kwa watu kama jambo lililokwisha kuthibitika, na kwamba mafundisho ya makanisa yake hayakubali kuwa mtu ametokana na viumbe vya chini. Richard Leakey, ambaye zamani alikuwa mkuu wa makumbusho hayo, alimpinga kwa ukali. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari za ugomvi huo. Mwishowe mabaki yale hayakufichwa, na mpaka leo yana chumba chao.

Kati ya mabaki hayo, mashuhuri kupita yote ni yale ya yule aitwaye Mvulana wa Turkana. Mwaka 1984, karibu na mto wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe yaliyofanana nacho kwa rangi. Kipande hicho hakikuzidi ukubwa wa kibiriti. Wenzake walipochimba mahali hapo walipata karibu mifupa yote ya kijana mmoja aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimo chake kilikuwa karibu mita 1.6, na miguu yake ilikuwa ya mtu anayetembea wima kama sisi, ingawa ubongo wake ulikuwa mdogo kuliko wetu. Huyo ndiye aliyemfanya msichana wetu aketi nje ya mlango.

Ukitoka kwenye makumbusho ukashuka kwa miguu kuelekea mjini, utalipita kanisa la Mtakatifu Andrea, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Na ukipanda barabara ya Valley utafika kwenye kanisa ambalo Askofu Adoyo alikuwa akilihudumia. Mwendo huo wote hauzidi saa moja. Mifupa, vitabu na madhabahu vyote ni majirani katika mji wetu. Yatupasa basi kuuliza kama majirani hawa wana ugomvi wa kweli, au kama wanagombana kwa sababu kila mmoja amesikia vibaya maneno ya mwenzake.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tutenge mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni imani kuwa yuko Muumba, na kwamba kila kilichoko, kikubwa na kidogo, kiko kwa mapenzi yake. Imani hii hukiriwa na Wakristo wote, na bila hiyo hakuna Ukristo. La pili ni kusoma sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo kama taarifa ya siku sita za saa ishirini na nne. Wako Wakristo wasomao hivyo, na wako wengi wasiosoma hivyo, tena si wa leo tu. Agostino, askofu wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kirefu juu ya kitabu hicho. Aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya nyota na viumbe kwa kudhani kuwa wanaitetea Biblia, maana mtu asiyeamini akiwasikia wakikosea katika jambo analolijua vema, hatawasadiki wanapomweleza habari za ufufuo.

Jambo la tatu ni lile liitwalo hoja ya usanifu. Hoja hii husema kuwa katika maumbile mna vitu ambavyo nguvu za maumbile peke yake hazingeweza kuvifanya, na kwa hiyo elimu ya sayansi yenyewe yaweza kuonyesha kuwa yuko Msanifu mwenye akili aliyevitengeneza. Angalia vema tofauti iliyopo. Jambo la kwanza ni imani. La pili ni namna ya kusoma kitabu. La tatu ladai kuwa sayansi. Mtu aweza kulishika la kwanza kwa moyo wake wote na kulikataa la tatu bila kujipinga.

Hoja ya usanifu ni ya zamani. Mwaka 1802 kasisi wa Kiingereza aliyeitwa William Paley aliieleza kwa mfano wa saa. Ukiikuta saa imeanguka katika nyasi, ukaifungua ukaona magurudumu yake yanavyoshikana, hutasema kuwa upepo na mvua viliikusanya. Utasema kuwa yuko fundi. Basi jicho la binadamu, lililo la ajabu kuliko saa, haliwezi kukosa Fundi wake. Charles Darwin alimsoma Paley alipokuwa kijana chuoni Cambridge, na alimpenda sana. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1859 Darwin alieleza njia ambayo viungo vya ajabu vyaweza kupatikana pole pole: viumbe huzaliwa na tofauti ndogo ndogo, wale ambao tofauti zao zinawafaa huishi na kuzaa zaidi, na katika muda mrefu mno tofauti ndogo hukusanyika zikawa kubwa.

Katika siku za karibu hoja hiyo ilivaa nguo mpya. Mwaka 1996 Michael Behe, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya kemia ya viumbe, alitoa mfano wa mtego wa panya. Ukiondoa sehemu moja tu ya mtego, alisema, haunasi tena panya nusu, haunasi kabisa. Akasema kuwa ndani ya viumbe vidogo mna mitambo ya namna hiyo, kama vile mkia wa bakteria unaozunguka mfano wa rafadha ya meli, na kwamba mitambo hiyo haikuweza kujengwa hatua kwa hatua. Wanabiolojia wengi walimjibu kuwa sehemu za mtambo zaweza kuwa zilikuwa na kazi nyingine kabla ya kukusanyika kwa kazi ya sasa, na walionyesha mifano. Shauri hilo lilifika mahakamani katika mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania, kwa sababu halmashauri ya shule za Dover ilitaka wanafunzi wasomewe tangazo juu ya usanifu huo katika somo la biolojia. Tarehe 20 Desemba, 2005, Jaji John Jones alikata hukumu kuwa hoja hiyo si sayansi, na haiwezi kutiwa katika masomo ya sayansi ya shule za serikali.

Katika kesi hiyo mna jambo moja ambalo nataka vijana walikumbuke kuliko hukumu yenyewe. Behe aliyeitetea hoja ni Mkatoliki. Kenneth Miller, mwanabiolojia aliyesimama kizimbani kuipinga, naye ni Mkatoliki. Watu wawili wa kanisa moja, wanaokiri imani moja juu ya Muumba, walitofautiana juu ya mkia wa bakteria. Ni dhahiri basi kuwa ugomvi huo haukuwa kati ya wamchao Mungu na wasiomcha. Ulikuwa juu ya swali jingine: je, Muumba huonekana mahali ambapo elimu yetu imekwama?

Nionavyo mimi, hapo ndipo penye udhaifu wa kwanza wa hoja ya usanifu: humtukuza Mungu kidogo mno. Humpa makao katika pengo la ujuzi wetu, na pengo la ujuzi ni kama kiwanja kilicho kando ya mto. Wakati wa kiangazi hufaa kujenga, lakini mvua ikija mto hurudi mahali pake. Isaac Newton, mtu aliyemcha Mungu na mwenye akili adimu, aliona kuwa mwendo wa sayari ungeweza kuharibika baada ya muda, akadhani kuwa Mungu huingia kuutengeneza. Miaka mia baadaye Laplace, Mfaransa, alionyesha kwa hesabu kuwa matatizo yale yaliyomsumbua Newton yaweza kuelezwa kwa sheria zile zile za Newton. Aliyekuwa amemwekea Mungu makao katika tatizo lile alimwona amehamishwa. Lakini Mungu hakuhamishwa, kwa maana hakuwa amepanga hapo.

Fikiria chakula cha jioni nyumbani kwenu. Mama amesonga ugali, na mtoto mdogo aombea chakula, amshukuru Mungu. Je, mama hukasirika, aseme, “Mbona washukuru mwingine hali mimi ndimi niliyepika?” La. Mama anajua kuwa yeye alipika, kwamba mkulima alilima, kwamba kinu kilisaga, na bado asema amina kwa dhati. Jibu la mama aliyepika na jibu la Mungu aliyetupa riziki hayashindani, kwa sababu hayajibu swali moja. Mtu anayesema kuwa Mungu atashukuriwa tu siku ambayo chakula kitatokea mezani bila mpishi, huyo hakuielewa sala ya mtoto. Na mtu anayesema kuwa mpishi amepatikana na kwa hiyo sala ni upuuzi, huyo pia hakuielewa.

Padre mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alilijua jambo hili vema. Yeye alikuwa padre na mtaalamu wa hesabu za nyota. Mwaka 1927 alieleza kuwa ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akasema kuwa ulianza kutoka hali moja ndogo iliyosongamana. Wakristo wengi walifurahi, na mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alizungumza kana kwamba elimu hiyo mpya imeishuhudia siku ya kuumbwa. Lemaître hakufurahi. Alishikilia kuwa nadharia yake haina neno juu ya Mungu, wala la kumthibitisha wala la kumkanusha. Padre huyu angeweza kuitumia sifa yake kuijengea imani yake nguzo, lakini aliona kuwa nguzo hiyo si ya haki. Huo ni uaminifu ambao kila mwanafunzi apaswa kuuiga.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi, na mimi sikuuona mpaka nilipofundishwa na mwanafunzi. Wiki moja baada ya safari yetu, darasani, mvulana mmoja ambaye wazazi wake wametoka upande wa Ziwa Viktoria aliinua mkono. Ndugu yake mdogo alikuwa mgonjwa wa selimundu, naye alikuwa amelazwa tena mwezi ule. Mvulana aliuliza, “Mwalimu, ikiwa kila kitu kidogo katika mwili kilisanifiwa kwa makusudi, ni nani aliyeisanifu damu ya ndugu yangu?” Darasa zima lilinyamaza. Nami nilinyamaza pamoja nalo.

Sayansi ina la kusema hapa. Chembe za damu za mgonjwa wa selimundu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa, na kuleta maumivu makali. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa katika Kenya, alitangaza aliyoyagundua kwa kuwapima watu wa Afrika ya Mashariki. Mtoto aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu hawi mgonjwa, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye awaye mgonjwa. Kwa hiyo, mahali penye malaria nyingi, kama pwani na kando ya Ziwa, urithi huo ulibaki katika watu kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa uliwaokoa wengi ingawa uliwaumiza wachache. Hakuna aliyeloga. Mama hakutenda dhambi. Mtoto hakulaaniwa. Haya pekee ni rehema kubwa kwa nyumba iliyozoea kutafuta mkosaji kila mtoto anapougua.

Sasa tazama hoja ya usanifu imefika wapi. Ikiwa twamsifu Msanifu kwa ajili ya jicho na kwa ajili ya mkia wa bakteria, haki yadai tumwulize pia juu ya mbu, juu ya kijidudu cha malaria, na juu ya chembe ile iliyopinda. Hatuwezi kuchagua mazuri na kuyaficha mabaya chini ya jamvi. Tena, hata kama hoja ingefaulu, ingetupa nini? Ingetupa fundi hodari, na ufundi hauna lazima ya kupenda. Ingekuwa haina neno la kumwambia mvulana aliyekesha kando ya kitanda cha nduguye. Imani ya Kikristo, kwa upande wake, haikujengwa juu ya uzuri wa saa. Katikati yake pana msalaba: husema kuwa Mungu aliingia katika maumivu ya watu akayachukua. Mtu aweza kuiamini habari hiyo au asiiamini, lakini ni habari ya namna nyingine kabisa, na aliyeishika haoni aibu mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Nisije nikaonekana kuwa nawalaumu watu wa dini peke yao. Wako wasomi ambao, wakishaonyesha umri wa mfupa, huruka wakasema kuwa hakuna Mungu na kwamba mtu ni mnyama tu. Hao nao wamevuka mpaka. Mizani ya sokoni hupima viazi vizuri sana, lakini haiwezi kupima kama bei ni ya haki. Mfupa hutuambia umri, kimo, chakula na mwendo wa aliyekuwa nao. Hautuambii kwa nini pako kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu, wala kwa nini ni vibaya kumdhulumu yatima. Anayetoa majibu hayo katika mfupa ameyaleta mwenyewe mfukoni mwake.

Tena twapaswa kuielewa hofu iliyokuwa nyuma ya maneno ya askofu, kwani haikuwa hofu ya kipumbavu. Watu waliuliza: mtoto akifundishwa kuwa ukoo wake watoka kwa wanyama, je, hataishi kama mnyama? Na katika bara letu hofu hiyo ina jeraha la ziada. Zamani wako Wazungu waliochora ngazi ya jamii za watu, wakajiweka juu na kumweka Mwafrika chini karibu na nyani, wakaiita kazi hiyo sayansi. Mtu aliyetukanwa hivyo hawezi kuzisikia habari za nyani kwa moyo baridi. Lakini mifupa yenyewe imeivunja ngazi ile. Mabaki ya watu wa kale kabisa wa namna yetu yamepatikana Afrika, na watu wa mataifa yote ni tawi la shina hilo moja. Wala elimu haisemi kuwa nyani wa leo ni babu zetu. Husema kuwa sisi na wao tuna mababu wa pamoja waliotoweka zamani sana.

Ama juu ya heshima ya mtu, msomaji wa Biblia akumbuke kuwa kitabu cha Mwanzo chenyewe chasimulia kuwa mtu alifanywa kwa mavumbi ya ardhi. Vumbi si mzazi mtukufu kuliko kiumbe chenye uhai. Katika masimulizi hayo heshima ya mtu haitoki katika kitu alichofinyangwa nacho; yatoka kwake yeye aliyempulizia pumzi, na katika kazi aliyompa. Mtoto wa maskini si duni kwa kuwa alizaliwa katika kibanda, na mwanadamu si duni kwa kuwa njia yake ilikuwa ndefu.

Jambo la kushangaza ni kwamba mji wetu umeyabeba mambo haya mawili katika nyumba moja tangu zamani. Mwaka 1903, huko Kabete, magharibi ya Nairobi, katika nyumba ya wamisionari wa Kiingereza, alizaliwa Louis Leakey. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mhubiri aliyeshiriki kuitafsiri Biblia katika lugha ya Kikuyu. Mtoto alikua pamoja na vijana wa Kikikuyu, akaokota vipande vya mawe vilivyochongwa na watu wa kale katika mashamba ya huko, na ujanani alifikiri kuwa yeye pia angekuwa mmisionari. Badala yake akawa mchimbaji wa mabaki ya kale, na baadaye mkuu wa makumbusho ya Nairobi. Kitabu chake cha mwaka 1934 alikipa jina la Mababu wa Adamu. Nyumba iliyotoa Biblia ya Kikuyu ndiyo iliyotoa pia elimu ya mifupa. Mtoto huyo wa Kabete hakulazimika kuanza kwa kumchukia baba yake.

Na Kamoya Kimeu, aliyekiona kile kipande kidogo mwaka 1984? Alizaliwa Ukambani, na elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Alianza kazi ya kuchimba na akina Leakey mwaka 1960, akawa stadi kuliko wasomi wengi, na mwaka 1985 alitunukiwa nishani Marekani kwa ajili ya ugunduzi wake. Alifariki mwaka 2022. Kazi yake ilikuwa kutembea juani siku baada ya siku, macho yakiangalia chini, akitenga mfupa na jiwe, wala asiseme kuwa ameona asichokiona. Ukiufikiri uvumilivu huo na ukweli huo, utaona kuwa ni sifa zile zile ambazo dini hudai kwa mwenye kuomba. Mwanasayansi asiyedanganya na mwumini asiyedanganya ni ndugu, hata wasipokubaliana.

Basi nirudi kwa msichana wa kwenye benchi. Kama angeniuliza leo, nisingemwambia kuwa ayaweke mambo haya mbalimbali. Ningeketi kando yake. Ningemwambia hivi: “Mwanangu, ikiwa Mungu ni Mungu wa kweli, basi hakuna mfupa wa kweli ulio adui yake. Ukiingia humo hutamkana. Utamkana ukisema umeona usichokiona, au ukisema hukuona ulichokiona. Ingia utazame vizuri. Uliza umri wa mfupa ulijulikanaje, na wanaoujua walipimaje. Ukiona neno la ukutani lapita ushahidi, liandike kuwa lapita. Na ukiona ushahidi ni mzito kuliko ulivyoambiwa, kubali kuwa ni mzito. Kisha urudi kanisani na swali lako zima, usilifiche chini ya kiti.”

Vijana, mtakutana na watu wawili katika maisha yenu. Mmoja atawaambia mfiche mifupa ili mpate kuamini, na mwingine atawaambia mtupe imani ili mpate kusoma. Wote wawili wana hofu. Imani inayohitaji mlango ufungwe yajua moyoni kuwa ni dhaifu. Na elimu inayohitaji kuicheka sala ya mtoto haijajua ukubwa wa yale isiyoyajua. Wahenga walisema kuwa njia ya mwongo ni fupi. Njia ya mkweli ni ndefu, tena mara nyingine mtu huipita peke yake, lakini aiendeaye hana haja ya kugeuka nyuma kuona kama yuko anayemfuatia kumkamata.

Mimi nilimfundisha mwanafunzi wangu ndimi mbili. Naomba ninyi mjifunze mmoja tu, na huo uwe wa kweli.